Naombeni ushauri: mayai ya asubuhi kwenye sigiri (jiko la mkaa) yanatoka makavu, nipike vipi?

MamaTwaha, Kireka (karibu na Kampala)

Wapendwa, hamjambo nyote. Kwetu asubuhi bila mayai hakuna chai. Nanunua trei nzima sokoni, na kabla taksi ya shule haijapiga honi lazima watoto wawe wameshakula. Gesi sina, napikia sigiri.

Vitunguu, nyanya na hoho nakata, nachanganya na mayai yote kwenye bakuli, napiga, namimina kwenye fraipani yenye mafuta ya moto. Yanatoka yameungua kwa chini, katikati yanatoa maji, na ukitafuna ni kama mpira. Watoto wanayazungusha tu kwenye sahani. Mkubwa sasa anataka la kuchemsha lenye kiini laini, mdogo ana miaka mitatu na hapendi kuona kiini. Baba yao anataka kimanda kinene. Na mama mkwe amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, natamani apate kitu cha kwao asubuhi moja.

Nisaidieni wenye uzoefu wa mkaa hasa. Watu wa gesi mnasema "punguza moto" halafu mnazungusha kitufe, mimi kitufe sina.

Hajati_Bombo

Mama Twaha mwanangu, salaam. Tatizo lako si mayai, ni moto wako. Yai halihitaji moto wa kuchemshia maharage. Ute unaanza kuganda joto likifika kama nyuzi 62, na kiini kinafuata kwenye 65 hadi 70. Maji yenyewe hayajafika kuchemka hapo! Ukilitupa kwenye mafuta yanayotoa moshi, ute unajikaza na kukamua maji yake wenyewe. Hayo maji unayoyaona katikati, mengine yanatoka kwenye yai lenyewe na mengine kwenye nyanya.

Moto wa mkaa unaamriwa hivi. Washa sigiri, pika kwanza chai yako moto ukiwa mkali. Chai ikishuka, makaa yatakuwa yameanza kuvaa jivu jeupe. Usiyapepee. Yasambaze, chota jivu la chini uyanyunyizie juu, funga kile kidirisha cha chini cha sigiri. Hapo ndipo unapandisha fraipani. Ukiona bado kali, inyanyue kwa mkono uhesabu kidogo kisha uirudishe. Sisi tumepika hivyo miaka yote na mayai yanatoka laini.

Vitunguu na nyanya vitangulie peke yao mpaka nyanya ikauke maji yake. Mbegu za nyanya zitoe, ndizo zenye maji mengi. Halafu ndiyo mayai yaingie.

FundiChapati_Wandegeya

Hajati shikamoo, nakuheshimu, ila hapo kwenye moto siwezi kunyamaza. Mimi nauza rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Pani yangu ni bapa na ina moto mkali toka alfajiri mpaka usiku, na mayai yangu si makavu. Wateja wanapanga foleni.

Mama Twaha, siri ni unene. Mayai mawili kwenye kikombe, kabichi iliyokatwa nyembamba kabisa, kitunguu, hoho, chumvi, piga kwa nguvu mpaka povu. Mimina kwenye pani ya moto yenye mafuta kidogo, tandaza haraka liwe jembamba kama chapati yenyewe. Halafu HAPO HAPO weka chapati juu likiwa bado bichi upande wa juu. Linashika chapati. Geuza, hesabu kidogo, toa, panga vipande vya nyanya mbichi, kunja. Nyanya haipikwi na yai kabisa, ndiyo maana hakuna maji.

Yai likikaa motoni muda mfupi hivyo halina nafasi ya kukauka. Linalokauka ni lile nene linaloachwa kwenye moto mkali huku mtu anatafuta vikombe.

Hajati_Bombo

Marahaba mwanangu. Hapo tunasema jambo moja. Jembamba, moto mkali na haraka. Nene, moto mdogo na subira. Kosa ni kulichukua yai nene ukalipika kwa moto wa rolex. Kimanda cha baba Twaha ni kinene, kwa hiyo afuate sigiri yenye jivu, na afunike.

Binti_wa_Jinja

Shikamooni wakubwa. Dada, mimi kimanda nimekiacha, napika ya kuvuruga. Ni haraka na watoto hawabishani nayo. Siagi kijiko kimoja au mafuta, mayai yaliyopigwa na maziwa kijiko kimoja au viwili tu, ukizidisha maziwa yatalia maji. Tumia mwiko, sukuma kutoka pembeni kuja katikati polepole. Yakiwa bado yanang'aa unyevu kidogo, toa motoni. Kikaango chenyewe kina joto la kuyamalizia. Ukisubiri yakauke motoni, yatafika mezani yamekauka mara mbili.

Na chumvi weka mapema wakati wa kupiga, yakae kidogo na chumvi wakati unakata vitunguu. Watu wanasema chumvi inafanya yai gumu, si kweli, yanatoka laini zaidi.

Mimi naweka na dodo (mchicha). Nachemsha majani dakika moja, nakamua maji kwa mikono, nakata, nakaanga na kitunguu, ndipo mayai. Ukila na muhogo au viazi vitamu, mpaka saa sita hujasikia njaa.

Mkiga_Kabale

Nimeona hakuna aliyegusa ya kuchemsha, na huko ndiko watu wanakosea wakifuata dakika za kwenye video za Ulaya. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Kila ukipanda kama mita 300, yanachemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja hivi. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo maji yenu yanachemka kwenye 96. Huku kwetu Kabale tuko kama mita 2,000, yanachemka kwenye 93. Yai linachukua muda zaidi. Nilipohamia huku kutoka Entebbe nililiona hilo waziwazi.

Kwa Kireka fanya hivi: chemsha maji kwanza, yakitokota teremsha mayai kwa kijiko ili yasipasuke. Dakika 7 mpaka 8 kiini kinakuwa laini, ute umeshika. Dakika 12 au 13 kimekauka. Saa ya simu inatosha. Ukifika muda, mwaga maji ya moto, weka maji baridi. Usiyaache ndani ya maji ya moto unapovalisha watoto soksi, yanaendelea kuiva. Ile duara ya kijani inayozunguka kiini ni dalili ya kuivisha kupita kiasi: chuma cha kwenye kiini kinakutana na salfa ya kwenye ute. Halina madhara, ila harufu yake ndiyo inawafukuza watoto.

Jambo jingine, mayai ya kuchemsha yasiwe yametagwa jana. Yai jipya linang'ang'ania ganda na unalimenya nusu nusu. Likikaa wiki moja hewa ya ukaa inatoka ndani, ute unabadilika, linamenyeka vizuri. Kwa hiyo kwenye trei, yale mapya kaanga, yaliyobaki chemsha.

MamaTwaha

Mungu awabariki, leo nimejaribu ya Hajati ya jivu na kufunika, baba Twaha amekula akamaliza, hakusema neno ila ameomba chapati nyingine. Nina maswali mawili. Je, yale yaliyokaa kwenye trei nitajuaje hayajaoza? Na mama mkwe?

MwanaTanga_Kampala

Mama mkwe niachie mimi. Mpikie mayai ya nazi, atakuombea dua. Chemsha mayai mpaka yakauke kiini, menya, yachanje kidogo pembeni kwa kisu ili mchuzi uingie. Kaanga kitunguu, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, weka nyanya na binzari ya manjano, iive mpaka mafuta yatengane. Tia tui jepesi, likichemka tumbukiza mayai, malizia na tui zito na ndimu. Ukishatia tui zito koroga taratibu, usiache litokote kwa nguvu, litakatika. Nazi soko la Nakasero zipo, chagua inayolia maji ukiitikisa. Ale kwa chapati au mkate wa kumimina kama unaweza. Ni kazi, kwa hiyo iwe Jumapili, isiwe siku ya shule.

Nesi_Arua

Kuhusu trei: bakuli la maji linatosha. Yai jipya linazama na kulala. La siku nyingi linasimama ndani ya maji, hilo bado linalika ila lipike liive kabisa. Linaloelea achana nalo. Na kila yai livunje kwanza kwenye kikombe peke yake, lisije moja likaharibu mengine matano. Usiyaoshe halafu ukayahifadhi, maji yanaondoa kinga ya ganda. Yenye uchafu osha pale unapotaka kupika. Trei ikae mahali pa baridi, mbali na sigiri.

Sasa la muhimu zaidi. Mdogo wa miaka mitatu asipewe kiini laini. Mwenye mimba pia, na mzee ambaye afya yake si nzuri. Mayai yanaweza kubeba vijidudu vya salmonela ndani yake, si kwenye ganda tu, na vinakufa joto likifika nyuzi 71, yaani kiini na ute vyote vimeshika. Mkubwa mwenye afya akitaka laini ni uamuzi wenu, lakini yai liwe jipya.

FundiChapati_Wandegeya

Nesi, na wanaosema ya kienyeji yana nguvu zaidi kwa sababu kiini ni cha njano? Wateja wananiuliza kila siku.

Nesi_Arua

Rangi inatokana na chakula cha kuku. Akila majani na mahindi ya njano kiini kinakolea, akila mahindi meupe kinapauka. Kwa protini yanakaribiana, yai kubwa moja lina kama gramu 6. Anayependa ladha ya kienyeji anunue, lakini mama mwenye bajeti asijione anawanyima watoto.

MamaTwaha

Swali la mwisho nesi. Mkubwa anataka abebe la kuchemsha aende nalo shule, ale mapumziko ya saa nne. Nitampa saa kumi na mbili asubuhi. Friji hatuna.

Nesi_Arua

Hapana mama. Yai lililoiva lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hapo ni saa nne nzima ndani ya begi lenye joto. Ale nyumbani kabla taksi haijafika. Fuata dakika za Mkiga, teremsha mayai chai ikishaiva, la kwake litoe kwenye ya 8, la mdogo liache mpaka ya 13. Sufuria ni moja na moto ni mmoja. Shuleni mfungie karanga za kukaanga na ndizi.