Maabara zifuge bakteria wa kusafisha Msimbazi, au tuzibe bomba kwanza?

Mdau_wa_Kigogo (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nimepita Mto Msimbazi pale Kigogo, Dar, maji mekundu kama juisi ya rozela. Nina mpwa wangu anasoma kemia, anasema maabara yao inafuga bakteria wanaotoa vimeng'enya vya kuvunja rangi za nguo, halafu vinabandikwa kwenye chembe za nano, yaani vipunje vidogo visivyoonekana kwa macho. Swali: hela ya umma iende huko, au iende kwa wakaguzi wakazibe mabomba yanayomwaga? Tujadili bila matusi.

Kiboko_Tabata
Ziba bomba. Tafiti zetu zinaishia kabatini. Halafu tusisingizie viwanda peke yake. Kina mama wa batiki wanamwaga kostiki ya kuyeyushia rangi mtaroni kila siku, nani anawagusa?

MamaBatiki_Buguruni
Kiboko, nilikuwa nasoma tu nijipitie zangu. Mimi nina ndoo tatu na beseni. Kiwanda bomba lake mtoto anaweza kuingia akacheza kombolela. Halafu wa kuguswa ni mimi? Kostiki naipima kwa kijiko, maana naitoa mfukoni mwangu, siimwagi kama ya urithi.

Kiboko_Tabata
Dada punguza povu. Ndoo tatu, zidisha kwa kina mama wote wa Dar. Hesabu hiyo.

MamaBatiki_Buguruni
Zidisha wewe, si ndiye mwenye idadi yao? Na lile shati la batiki unalovaa Ijumaa lilichovywa na malaika?

Fundi_Mnazi
😂😂 Kiboko kapatikana.

Jongoo_wa_Maabara
Naomba turudi kwenye mada kidogo, hii kazi naifahamu. Rangi nyingi za viwandani ni za azo, yaani zina nitrojeni mbili zilizoshikana. Bakteria akikata hapo pasipo oksijeni, maji yanang'aa, watu wanapiga picha. Ila kinachobaki ni kemikali zinazoitwa amini za aromatiki, na baadhi yake zinaleta saratani. Lazima ifuate hatua ya pili yenye hewa. Kwa hiyo mkiona maji meupe msikimbilie kuyaoga.

Kuna kimeng'enya kinaitwa lakasi, chenyewe kinatumia oksijeni. Shida ni maji ya kiwandani: ya moto, yana chumvi, yana magadi. Kimeng'enya cha kawaida kinaharibika humo. Ndiyo maana mimi macho yangu yako Ziwa Natron. Maji ya kule ni magadi makali, pH 10 kwa bakteria wake ni nyumbani.

Na nano si mapambo. Kimeng'enya ukikimwaga kwenye maji kinaenda zake baharini. Ukikibandika kwenye chembe za magnetaiti unakivuta kwa sumaku, unakitumia tena kesho.

Chapati_Maji
"Vimeng'enya" ndiyo nini tena? Sisi tulisoma enzaimu. BAKITA mnatunga maneno usiku umeme ukikatika?

Jongoo_wa_Maabara
Mkuu, kumeng'enya chakula umesoma shule ya msingi. Ni neno hilohilo.

Chapati_Maji
Mimi nilikuwa nasinzia kipindi hicho. Enzaimu itabaki enzaimu.

MwalimuMstaafu
Wanangu, lugha haiongezeki kwa kusinzia.

Fundi_Mnazi
Kiboko, unasema tafiti zinaishia kabatini, na yule Mtanzania wa chujio la nano aliyepata tuzo Uingereza? Si alikuwa Mlimani yule?

Jongoo_wa_Maabara
Si Mlimani. Dk. Askwar Hilonga alikuwa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Tuzo ya 2015, ile ya uhandisi wa Afrika inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Lakini lile ni chujio la maji ya kunywa, ndani kuna mchanga na nano. Bomba la kiwanda cha nguo ni kesi nyingine.

Kiboko_Tabata
Umeona? Kesi nyingine. Kila nikiuliza naambiwa kesi nyingine. Wajapani wana bakteria anayekula plastiki tangu 2010 huko, chupa zimeisha duniani?

Jongoo_wa_Maabara
2016. Na walimkuta kwenye sampuli za kiwanda cha kuchakata chupa, mjini Sakai. Ungeziba bomba bila kupima kilichomo, usingemkuta.

Kiboko_Tabata
Kwa hiyo tuache uchafu ili mpate sampuli? Mnasikia wenyewe?

Mdau_wa_Kigogo
Hajasema hivyo, Kiboko. Mimi nauliza hivi: mchicha unaolimwa bondeni na kumwagiliwa maji ya mto, hao bakteria wanausaidia?

Jongoo_wa_Maabara
Kwenye rangi, wanaweza kusaidia. Kwenye risasi na krome, hapana. Metali haivunjwi na kimeng'enya chochote, unaihamisha tu au unaibadili umbo, mfano krome ya sita, yenye sumu kali, kuwa ya tatu. Hapo nakubaliana na Kiboko, isiingie mtoni kabisa.

Kiboko_Tabata
Weka hiyo kwenye fremu.

Jongoo_wa_Maabara
MamaBatiki, shikamoo. Kama unatumia kostiki na haidrosalfaiti, rangi zako za vati hizo, zile zinazoyeyushwa kwanza kwa kemikali hizo ndipo zishike kitambaa, si azo. Naomba lita moja ya maji ya mwisho nikayajaribu.

MamaBatiki_Buguruni
Marahaba. Mwaka juzi alikuja kijana na vichupa, akajaza, akanipiga picha na beseni langu. Jibu sijaliona mpaka leo. Lita moja elfu tano, na majibu unakuja kuyasoma hapa uani kwangu.

Kiboko_Tabata
Elfu tano maji machafu?!

MamaBatiki_Buguruni
Wewe kwako elfu kumi.

Mdau_wa_Kigogo
Jamani, na swali langu la wakaguzi?

Chapati_Maji
Mama, batiki ya kijani, mita tano, unafanyaje? Harusi ya dada tarehe 20.