Mwizi amesimama kaunta akiwa amevaa shati langu, akasema yeye ndiye mlalamikaji

Ndugu zangu, salamu nitazitoa siku nyingine. Nimetoka kituoni saa nne hii ya asubuhi, mkanda wa suruali ukiwa mkononi, na ninaandika kabla hasira haijapoa.

Bwana yule mnamfahamu, kwa hiyo sitamtaja. Kuanzia kwenye mashine ya kusaga hadi bondeni hakuna nyumba ambayo haijawahi kuanua nguo mbio kwa kumwona tu akipita, na ni yeye yule aliyetoa rambirambi ya shilingi elfu mbili msibani kwa jirani yetu, kisha sufuria mbili za msiba huohuo zikaondoka naye.

Usiku wa kuamkia leo, yapata saa tisa, alitanua nondo za dirisha la jiko langu kwa jeki ya gari, jeki ambayo kulipokucha niliitambua kuwa ni yangu mwenyewe, iliyopotea tangu Ramadhani. Mke wangu alinifinya, nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini taratibu, kama anavyouweka mtu anayeogopa kuamsha watoto. Nilipowasha taa nilimkuta amesimama anakula wali wa nazi uliolala, anaukomba kwa mkono, naye amevaa shati langu jipya la batiki lililokuwa limetundikwa kwenye kiti, limepigwa pasi, likisubiri posa ya mpwa wangu Jumamosi. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu, ambaye amekuja kutoka Muheza kutibiwa magoti na ambaye siku zote huhitaji watu wawili wa kumwinua mkekani, alinipita kama mshale na kumtwanga mwiko mmoja wa bega. Mmoja tu. Mwiko ukavunjika, bwana yule akakaa chini, majirani wakajaa, na mimi kwa utu wangu nikawazuia wasimguse wala wasilete tairi. Nikakodi bajaji, nikampakia, tukaenda kituoni kile mnachokijua.

Sasa sikilizeni. Tumefika kaunta. Nikageuka kumlipa dereva wa bajaji, ambaye alitufuata hadi ndani kwa kuogopa kudhulumiwa, shilingi elfu sita, nauli yangu na ya mwizi. Nyuma yangu nikasikia sauti. Bwana yule amejishika bega, amenyoosha kola ya shati langu, punje ya wali imeganda kwenye kifungo cha juu, anasema kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri: "Afande, mimi ndiye mlalamikaji."

Na afande akaandika! Nimeiona kalamu kwa macho yangu ikitembea kitabuni: shambulio la kudhuru mwili. Yeye akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, aende hospitali kwa uvimbe ambao hata mbu angeuonea haya, mimi nikaambiwa nivue viatu na mkanda, nikae benchi hadi mpelelezi afike. Nilipoomba walau nirudishiwe shati, nikaulizwa kama nina risiti. Shati limeshonwa na fundi wa chini ya mwembe. Risiti aitoe nani, mwembe?

Nimekaa kwenye benchi lile saa tano, na kwa saa zote hizo sikuwaza nondo wala jeki, wala simu ya mke wangu ambayo hadi sasa haijaonekana. Nilikuwa ninasikia maneno matatu tu. Angesema "na mimi nina malalamiko", ningemwelewa. Alisema "ndiye"! Mtu yumo ndani ya shati langu, tumboni ana wali wangu, amefika kwa nauli yangu, halafu ndiye!

Ninauliza: mwenye nyumba akimkuta mtu jikoni kwake saa tisa za usiku ana haki gani? Ampashie mchuzi?

Mzee wa Kinyerezi:
Pole sana, ndugu. Hata hivyo nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo wewe, mwanamume wa nyumba, ulifanya jambo lolote, na nimeona kwamba uliwasha taa. Mgonjwa wa magoti ndiye aliyepigana.

Mama Wawili:
Huyo mama mkwe akimaliza matibabu ninaomba mniazime kwa wiki mbili. Mlinzi ninayemlipa mimi alikutwa amelala fofofo langoni, na wezi, kwa huruma zao, walikuwa wamemfunika kwa pazia la sebuleni kwangu.

Mtoto wa Gongo la Mboto:
Kama nondo zinatanuliwa kwa jeki na ninyi mmelala, hapo kuna mchanga wa makaburi. Wanaurusha juu ya bati, nyumba nzima inazimika.

Mzee wa Kinyerezi:
Mchanga haukumfikia mama mkwe?

Wakili Asiye na Ofisi:
Ndugu mleta uzi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haijakuacha yatima. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali yake, na kifungu cha 18B kinaiwekea haki hiyo mpaka: nguvu inayotumika iwe ya kadiri inayohitajika kwa ulinzi huo, na ukizidisha hadi mtu akafa, utajibu kosa la kuua bila kukusudia. Kuvunja nyumba ni kosa la kifungu cha 294, na likitendeka usiku adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 20, wakati shambulio la kudhuru mwili halivuki miaka 5. Mwiko mmoja wa bega kwa mtu aliyeingia kwako kwa kutanua nondo haujazidisha kitu. Tairi lingezidisha, na leo ungekuwa unatuandikia kutoka mahabusu, ukiulizwa habari za marehemu. Ulikosea jambo moja tu: ulichelewa kusema. Rudi kituoni, utoe maelezo yako, upewe na wewe namba yako ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa za polisi, na huo mwiko uliovunjika usiutupe, ni kielelezo.

Mleta uzi:
Nilichelewa kusema? Nilikuwa ninamlipia nauli! Na kuhusu mwiko, mama mkwe ameshaupikia kipande kilichobaki. Ninachotaka kujua ni kama kuna sheria inayomzuia mtu kusema "mimi ndiye mlalamikaji" huku amevaa nguo za mshitakiwa.

Dereva wa IST:
Wewe angalau una wa kukutetea. Mimi niling'olewa vioo vyote viwili vya pembeni nje ya msikiti wakati wa swala ya Ijumaa, gari halina hata mwezi tangu litoke bandarini. Nikaenda kule kwenye maduka ya vipuri, nikaletewa vioo vya kujaribisha, na kwenye kona ya kimoja namba ya gari niliyoichonga mwenyewe imekwanguliwa vibaya, herufi ya mwisho bado inasomeka. Muuzaji akanitazama usoni bila kupepesa, akasema: "Mzee una bahati, vimelingana na gari lako kabisa." Nikalipa. Hata punguzo sikupewa.

Fundi Cherehani:
Vioo ni afadhali. Pikipiki yangu niliifunga kwa mnyororo kwenye mpapai, nikaamka nimekuta mpapai umelala, mnyororo umekunjwa vizuri pembeni, na papai zote nazo zimechukuliwa.

Dereva wa IST:
Ndugu, nani hufunga pikipiki kwenye mpapai?

Mama Wawili:
Zungumzeni habari za ulinzi shirikishi. Kila mwezi tunachangishwa elfu mbili, vijana wanazunguka wakipiga filimbi mtaa mzima, na mimi ninaona kwamba kazi kubwa ya filimbi ile ni kumjulisha mwizi walinzi wako mtaa gani, ili yeye aende mwingine.

Mstaafu wa Kahama:
Hiyo filimbi ni mzaha. Sisi tuliokuwapo Usukumani na Unyamwezini sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilipoanza miaka ya 1980, ng'ombe wakiibwa yowe lilipigwa kijiji hadi kijiji, na mwanamume asiyetoka na upinde alitozwa faini. Serikali yenyewe ilikuja kuitambua kisheria mwaka 1989. Sikatai kwamba kulikuwa na watu walioumizwa bila hatia, na mambo mengine ya siku zile sipendi kuyasimulia mbele ya wajukuu, ila hakuna aliyewahi kuibiwa ng'ombe kisha akaulizwa risiti.

Mtoto wa Gongo la Mboto:
Babu, usiku ule wa Januari 2015 wa panya road, yale magenge ya vijana wa mapanga, watu wazima wa mtaa wangu walijifungia chooni, na hao panya road wenyewe hawakuwa hata wamefika kwetu. Upinde angeushika nani?

Mleta uzi:
Ninaomba turudi kwenye mada. Nimepita dukani sasa hivi kununua sukari, nimemkuta bwana yule amekaa kwenye kreti ya soda, mkono umefungwa kitambaa kama shujaa wa vita, shati langu amelifungua vifungo viwili vya juu kwa sababu ya joto. Amenisalimia, "Shikamoo, mzee." Jumamosi ninakwenda posa nimevaa nini?

Mchomeleaji Mstaafu:
Wengi wenu mnaweka nondo za milimita 10 wima tupu, bila mikanda ya kulala katikati. Hizo jeki ndogo tu inazitanua kwa dakika mbili, wala hazipigi kelele. Wekeni bomba za mraba, mchomelee mkanda kila baada ya sentimita 20, na ncha zizamishwe ukutani kabla ya plasta, zisishikwe na skrubu.

Dereva wa IST:
Asante sana kwa maelezo haya, mzee. Dirisha la futi nne kwa tano linaweza kugharimu kiasi gani?

Mleta uzi:
Ndugu zangu, uzi huu ni wa shati.

Mama Wawili:
Shati gani tena? Mzee mchomeleaji, upo Tabata au Segerea?

Mchomeleaji Mstaafu:
Segerea. Njoo na vipimo kabisa, na kamba usiivute sana unapopima, wengi huniletea dirisha dogo kuliko tundu lake.