Naomba ushauri: taa ya UV ya kujitengenezea kwa bwawa lililogeuka kijani

Habari zenu wakuu. Nipo Pasua, Moshi. Nina kibwawa cha bustani cha lita 6,000 hivi, sato kama 30 ndani. Maji yamekuwa kijani kama mlenda, samaki nawaona wakati wa kula tu. Nimebadilisha nusu ya maji mara mbili, nikaweka neti ya kivuli na chujio la sponji na kokoto. Baada ya wiki, yale yale.

Sasa naunda kisafishaji mwenyewe: bomba la PVC la inchi 4, ndani yake taa ya UV-C (mionzi inayoua mwani unaofanya maji yawe kijani) ya wati 18, na pampu ya lita 3,000 kwa saa. Nilipokwama ni kwenye mrija wa kuikinga taa na maji. Fundi anasema niweke kioo cha kawaida, lakini kioo hicho kinazuia mionzi ya nanomita 254, kwa hiyo nitakuwa nimetengeneza taa ya mapambo. (Umeme na maji pamoja, mama watoto ameshanionya.)

Mrija wa kwatzi (kioo maalumu kinachopitisha mionzi hiyo) unapatikana wapi huku Moshi au Arusha? Na pampu hiyo haipitishi maji haraka mno kwa wati 18, au niipunguze?