Bagamoyo ni kubwaga moyo upi? Naomba ushauri wakuu

Wakuu habari za jioni, nipo Uyole hapa Mbeya baridi linatupiga kama kawaida. Dogo wangu yupo darasa la sita kapewa homuweki ya kuelezea asili ya jina Bagamoyo, mimi pwani nimefika mara moja tu tena kwenye msiba. Mwalimu wao kawaambia ni watumwa walikuwa wanabwaga mioyo yao pale maana wakishapanda jahazi kwenda Zanzibar ndo basi tena hawarudi. Sasa jirani yangu, mzee wa Kizaramo anauza samaki wakavu pale Mwanjelwa, kasikia akacheka sana, anasema hiyo bwaga moyo ni ya wapagazi, mtu katembea na pembe za ndovu toka Ujiji huko zaidi ya kilomita 1,000 akiiona bahari anatua mzigo, moyo unatulia, anapumzika. Mimi namwelewa zaidi mzee, kubwaga si ndo kutua mzigo jamani? Ila dogo akiandika hivyo naogopa atapigwa kosa. Nimwambie aandike zote mbili au nikaongee na mwalimu kwanza? Wa pwani mliomo humu nisaidieni, anakusanya jumatatu