Kukodi boti ya peke yetu kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite: kuna faida?

Mama Zawadi, Nakuru: Hamjambo. Januari tunakwenda Shimoni ili tupande boti ya Kisite, watu wazima wanne na watoto wawili ambao hawajawahi kuogelea baharini. Je, tukodi boti nzima au tuungane na kundi?

Mzee wa Wasini: Karibuni, mama. Kodini boti nzima, kwa sababu mwenye boti yake huchagua wakati wa maji, yakijaa au yakipwa, ilhali kundi hufuata saa ya mwenye safari. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na fungu la mchanga hujitokeza, jambo linalopendeza sana kwa picha, lakini mkondo huwa mkali. Kwa watoto ni heri maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Januari ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, na bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, upepo wa kusini.

Binti Pwani: Nakubaliana na mzee, ila ulizeni mapema kama bei inajumuisha ada ya hifadhi, ambayo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hutoza kila mtu hata boti ikiwa yenu. Nahodha afunge boti kwenye boya, asitupe nanga juu ya matumbawe. Miwani ya kuogelea ya watoto, ile inayofunika macho na pua, ijaribiwe gatini: mtoto aibandike usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua, na ikidondoka itaingiza maji.

Mama Zawadi: Nashukuruni. Mzee, jaketi za kuokolea za saizi ya watoto hupatikana?

Mzee wa Wasini: Si kila boti inazo. Zioneni kabla ya kulipa.