Mjadala: Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ishushwe hadi miaka 60, au anayestaafu mapema ajilipie bima mwenyewe?

Mzee wa Houston

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 61, na 22 kati yake nimebeba maboksi ghalani hapa Houston. Sisemi kwa ule utani wa vijana, ni maboksi kwelikweli. Magoti yameshatoa notisi. Watoto wanajitegemea, nyumba ya Kibaha imebaki kupaua na vigae. Hesabu ya chakula, umeme na pango nimeipiga, inatosha. Kinachonizuia kuacha kazi ni bima ya afya tu.

Medicare inaanza ukifika 65. Pensheni ya serikali, Social Security, unaweza kuichukua ukiwa na 62, ingawa pungufu. Yaani kwa pensheni nimezeeka, kwa matibabu bado kijana! Nikauliza ofisini, wakaniambia ipo COBRA: unabaki na bima ileile miezi 18, ila unalipa gharama yote, na ile sehemu aliyokuwa analipa mwajiri, na asilimia 2 juu yake. Mimi na mke wangu, ambaye ana 58, ilikuja dola 1,710. Nikamuuliza dada wa ofisini kama hiyo ni ya mwezi au ya msimu.

Hoja yangu: Medicare ishushwe hadi 60. Biden aliahidi hivyo kwenye kampeni ya 2020, ikaishia hukohuko. Anayepinga aje na hoja, si kejeli. Naomba kuwasilisha.

Mhasibu Mnyonge

Shikamoo mzee. Napinga. Mfuko wa Medicare unaolipia hospitali unakula makato ya mishahara, asilimia 1.45 kwako na 1.45 kwa mwajiri. Ripoti ya wadhamini wake ya 2025 inasema akiba itaisha 2033, na hapo makato yanayoingia hayatatosha kulipa kila kitu. Mtumbwi unavuja, wewe unaita abiria wengine wapande.

Halafu anayestaafu na miaka 60 nchi hii ni nani hasa? Wewe una magoti, sawa. Lakini mwenye hisa na nyumba tatu za kupangisha naye ana 60. Mdogo wangu ana 27, anaendesha lori, ndiye amlipie huyo?

Nesi Zamu ya Usiku

Mhasibu, njoo siku moja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Utamkuta mama wa miaka 60 anamnyanyua babu wa 85 kumgeuza kitandani, mara ishirini kwa usiku. Huyo akiacha kazi hajastaafu kwa raha zake, mgongo ndio umemwachisha. Wengine wanapunguzwa kazini na 59, nani atawaajiri tena?

Na usiniletee habari ya malipo ya ulemavu. Ukikubaliwa, kwa magonjwa mengi unangoja miezi 24 ya malipo hayo ndipo Medicare ikufikie. Miezi 24 unaumwa, huna kazi.

Kijana wa Toronto

Huku Kanada tunawasoma na chai mkononi.

Mhasibu Mnyonge

Kunywa taratibu, usimalize kabla foleni ya daktari bingwa haijakufikia.

Nesi, nimekuelewa, ila njia ipo: soko la bima binafsi lililoletwa na sheria ya afya ya Obama. Tangu 2014 mipango ya pale haiwezi kukukataa kwa sababu una kisukari au presha. Na ukiacha kazi una siku 60 za kujiandikisha, husubiri msimu wa kujiandikisha.

Nesi Zamu ya Usiku

Haikukatai, inakupandishia bei. Sheria hiyohiyo inaruhusu mtu wa 64 atozwe hadi mara tatu ya kijana wa 21. Kilichokuwa kinaokoa watu ni ruzuku ya serikali. Zungumzia ruzuku.

Mhasibu Mnyonge

Nilikuwa nakuja huko. Mzee, samahani, hiyo hela ya kupaua unaitoa wapi?

Mzee wa Houston

Marahaba. Kwenye 401(k), ile akiba yangu ya uzeeni ya kazini. Nastaafu Januari, natoa dola 50,000 kwa mkupuo. Mama, yaani mke wangu, anaingiza kama 38,000 kwa mwaka.

Mhasibu Mnyonge

Mzee, usifanye hivyo! Kuanzia 2021 mpaka mwisho wa 2025 kulikuwa na nafuu: kwa ruzuku, bei uliyolipia mpango wa kati wa bima unaotumika kama kipimo haikuzidi asilimia 8.5 ya kipato chako. Bunge likashindwa kukubaliana kuiongeza. Serikali ilifungwa siku 43 mwishoni mwa 2025, na ugomvi mkubwa ulikuwa huohuo. Muda ukaisha, ule mpaka wa zamani wa kipato cha kupata ruzuku ukarudi. Kwa kaya ya watu wawili mwaka 2026 mpaka ni dola 84,600. Ukizidisha dola moja, ruzuku yote inakwenda. Sasa jumlisha: 50,000 na 38,000.

Na kama walishakulipia ruzuku kwa makadirio ya chini ya kipato, kuanzia kodi ya 2026 unarudisha yote, kile kikomo cha marejesho kimefutwa. Ukipangisha Kibaha, pango hilo nalo linahesabika kwenye kipato chako. Igawe hela ya bati na vigae kwa miaka miwili.

Na ukivumilia kazini mpaka 63 na nusu, miezi 18 ya COBRA inakufikisha Medicare bila kupita sokoni kabisa.

Mzee wa Houston

88,000. Loh. Bati lingeniachia bili ya kodi.

Binti Likoni

Mzee, kwani lazima ukae huko? Rudi Kibaha hiyo miaka minne, ulipie bima ya huku, ukifika 65 uamue.

Nesi Zamu ya Usiku

Ni sawa mpaka hapo. Ila akifika 65 Medicare haimlipii matibabu Muhimbili wala Mombasa, isipokuwa kwa dharura chache za mipakani. Na asipojiandikisha Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, kwa wakati, kila mwaka mzima aliochelewa anaongezewa asilimia 10, na adhabu hiyo haiishi.

Wakili wa Kijiweni

Mnavutana ncha mbili za kamba wakati katikati pako wazi. Mtu wa 60 aruhusiwe *kununua* Medicare kwa gharama yake halisi. Mfuko hauguswi, na dereva wa miaka 27 halipi kitu. Rais Clinton alipendekeza hivyo 1998 kwa wenye 62. Mwaka 2009 Seneti ilitaka iwe 55, seneta Lieberman akagoma, na kura yake ilikuwa lazima. Ikafa. Jiulizeni kwa nini hospitali nazo haziipendi: Medicare huzilipa kidogo kuliko bima binafsi. Hapo ndipo unafuu wa bei ungetoka.

Mhasibu Mnyonge

Hiyo naweza kuimeza. Mradi bei iwe ya kweli, isije ikawa ruzuku ya mlango wa nyuma.

Mzee wa Houston

Mimi hata leo nasaini.

Nesi Zamu ya Usiku

Mzee, mama hana bima kazini kwake?

Mzee wa Houston

Anafanya saa 24 kwa wiki. Akifikisha 30 wanampa, na mimi naingia kwenye yake. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda hesabu hiyo.

Mzee wa Houston

Nimerudi. Mama amesoma uzi wote mpaka hapa. Anawasalimu, na anauliza ni nani kamwambia Nesi kwamba magoti yake yeye ni mazima.