Mjomba wa mume wangu ana gobore ndani, na wanangu wanashinda kwake. Nifanyeje?

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na wale wa kuleta masihara leo mnistahi kidogo, sijalala siku mbili.

Tunaishi kijijini, wilaya ya Nachingwea. Mimi mtu wa kuja, kwetu Tanga. Mwenyeji ni mume wangu. Kiwanja tulipewa na mjomba wake, na kati ya nyumba yake na yetu kuna mwembe tu. Mzee mtu mwema. Wanangu, wa kiume miaka 9 na wa kike 6, wakitoka shule hawaanzii kwangu, wanapita kwake kwanza kwa sababu mkewe hakosi mihogo ya kuchemsha.

Juzi namuogesha huyu mdogo naona kiganja cheusi. Si masizi ya sufuria, ni weusi wa mafuta na kutu. Namuuliza, anacheka. Mwisho akasema, "Tumeshika bunduki ya babu." Nikamwita kaka yake. Akanieleza bila wasiwasi kabisa: iko nyuma ya mlango wa chumba cha magunia, imesimamishwa, mdomoni imezibwa kitambaa chekundu, na yeye alikivuta kitambaa akachungulia. "Lakini kuna giza mama, sikuona kitu."

Wakuu, mwanangu kaweka jicho kwenye mdomo wa gobore. Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Nilijua mzee huenda kuamia. Mahindi yanabeba sasa hivi, na nguruwe wakiingia usiku mmoja asubuhi unakuta mabua. Mlio tunausikia mara moja moja kutoka dunguni kwake. Nilidhani hulificha hukohuko. Mume wangu nilipomwambia akajibu, "Mjomba analo tangu sijazaliwa, halijaua mtu," halafu akanionya nisilitoe nje. Na huku mjomba si kama kwetu. Huyu mzee ndiye aliyemlea, na posa yangu alikuja nayo mwenyewe mpaka Tanga kwa basi. Nikienda kwa mtendaji mzee anafungwa, na mimi ndoa sina. Nikinyamaza, naogopa kusikia ule mlio mchana.

Korosho Ghafi
Hama.

Mama Wawili
Niende wapi mkuu? Hata kiwanja ni chake.

Dungu la Zamani
Pole dada. Mimi nimekulia Liwale, na gobore nimelibeba miaka mingi kabla sijaacha. Shika hili kabla ya mengine yote: kitambaa mdomoni huwekwa ili unyevu usiingie, na ni nadra mtu kukinga unyevu kwenye bomba tupu. Wengi tukirudi kuamia bila kupiga, tulikuwa tunarudi nalo nyumbani likiwa limeshindiliwa. Gobore si bunduki ya kuchomoa risasi ukaitia mfukoni. Baruti na vyuma vikishaingia, mwenyewe anaona njia nyepesi ya kuvitoa ni kupiga, na baruti ina bei, kwa hiyo analiacha hivyo hivyo mpaka usiku mwingine.

Lichukulie kwamba limejaa. Usilishike, usimtume mumeo alikague wala msilihamishe kwa siri. Mzee aulizwe: "Mjomba, lina kitu?" Fataki, kile kidude kinachogongwa kuwasha baruti, ilipaswa kuwekwa wakati wa kupiga tu, lakini nimeona watu wanaiacha juu yake kwa uvivu. Likiwa hivyo, kuanguka tu kunatosha, hahitajiki hata mtoto wa kuvuta.

Halafu mengi ni bomba la fundi wa kijijini. Likichoka humpasukia mpigaji. Mimi niko Dar, kidole changu cha shahada kimebaki Liwale.

Mama Wawili
Shikamoo mzee wangu. Hapa mikono inatetemeka.

Mlango wa Mahakama
Jambo ambalo hujasema ni kama ana kibali. Wapo wazee wenye magobore yaliyosajiliwa. Kama halina, liko kinyume cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na "ni la marehemu baba" si utetezi. Lakini si kweli kwamba kila anayelitoa anaishia ndani. Serikali imewahi kutangaza msamaha wa kusalimisha kwa hiari, Septemba na Oktoba 2022 na tena 2023, na watu walipeleka polisi na hata ofisi za mitaa na kata. Sasa hivi tuko Machi, kwa hiyo asilibebe barabarani akakamatwa nalo njiani. Aanze mwenyewe kwa mwenyekiti na mtendaji, wao wamwite polisi kata alifuate lilipo. Anayelitoa kwa mkono wake hatazamwi sawa na aliyefumaniwa nalo.

Ng'ambo ya Mto
Naongezea. Sisi wa huku kando ya mto Ruvuma, tangu kijiji cha Kitaya, Mtwara, kivamiwe na wenye silaha kutoka Msumbiji Oktoba 2020, silaha isiyo na karatasi haichukuliwi kama ya kufukuzia nguruwe. Mzee wa watu anaweza kulala kwenye maswali kwa ajili ya gobore la babu yake. Mwambieni hivyo. Atawaelewa kwa hilo kuliko kwa habari za watoto.

Dungu la Zamani
Kwa watoto ataelewa pia. Tusimfanye mnyama.

Mbeba Maboksi
Niko Georgia, Marekani. Huku tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, imezipita ajali za magari. Mwanangu akialikwa kucheza kwa mtu, napiga simu kwanza: kuna silaha ndani? Imefungiwa? Mwanzo nilikuwa naona aibu, sasa ni kama kuuliza kama kuna mbwa mkali.

Na usitegemee kumkanya mtoto peke yake. Kuna utafiti ulichapishwa huku 2001: wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa kwenye chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Wengi walioikuta waliishika, wengine wakavuta kabisa. Na karibu wote hao walikuwa wameshafundishwa kuhusu hatari ya silaha. Kinachosaidia ni kufuli.

Mwl. wa Zamu
Mama, umewachapa?

Mama Wawili
Mkubwa nilimpiga kofi moja. Najuta.

Mwl. wa Zamu
Mwite umwambie umekosea, kwa sababu alikwambia ukweli. Ukimpiga kwa kusema, siku akiona kingine atanyamaza. Na wakubwa wakikuzungusha, piga 116, ni namba ya msaada kwa watoto.

Chipukusu
Ninyi wote hamjui kusini. Mke hawezi kumkabili mjomba, na mpwa naye ataishia "ndiyo mjomba". Mtafuteni mtani wake. Mtani atamwambia mzee amezeeka mpaka anawinda watoto, na mzee hawezi kununa.

Korosho Ghafi
Hapo sasa. Nafuta ile "hama" yangu.

Mama Wawili
Wakuu, nimerudi, siku ya tano leo. Nilimpa mume wangu simu asome uzi wote. Alipofika kwenye kitambaa akaniuliza, "Chekundu?" akatoka nje.

Mtani wa mzee ni fundi baiskeli wa hapa kijijini. Walikwenda naye baada ya alasiri. Alianza na maneno yake, mzee akacheka sana. Kisha mtani akamwita mwanangu, akampa mpini wa jembe, akamwambia, "Muoneshe babu ulivyochungulia." Mtoto akausimamisha, akainama, akaweka jicho juu ya ncha. Mume wangu anasema mzee aliacha kucheka, akatafuta kigoda kwa mkono bila kuangalia nyuma.

Lilikuwa na kitu. Tangu Jumapili. Jioni ile walikwenda nalo shambani wakalitoa, mlio ule niliusikia nikiwa jikoni na wanangu wote wawili wameshika kanga yangu.

Kibali hana. Jana mwenyekiti na polisi kata walilifuata kwake, wameandikishana, mzee ameulizwa maswali yake na usiku alilala nyumbani. Dunguni sasa analala mume wangu na mbwa wawili na debe la kupiga. Juzi nguruwe wamekula mistari minne, na nimeambiwa hivyo kwa sauti ya kuniambia mimi.

Mzee hajasema na mimi bado. Mihogo leo imeletwa kwenye bakuli. Watoto hawakuitwa.

Dungu la Zamani
Imeletwa, si haba. Bakuli usilirudishe tupu.